Msimu wa tatu nasimamia kiwanda cha alizeti, bado naomba ruhusa ya kununua kitambaa cha chujio

Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba jina langu na la kiwanda yasitajwe, maana Kibaigwa ni ndogo na watu wa alizeti tunajuana.

Nina miaka 31, ni msimamizi wa uzalishaji kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Tuna mashine mbili za kukamulia, moja ya kuchujia, tangi la mafuta ghafi, na stoo mbili: moja ya mbegu na mashudu (makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa), nyingine ya mafuta. Chini yangu wapo opereta wawili na vibarua kulingana na msimu. Mwenye kiwanda ni Mzee mmoja mstaafu wa serikali anayeishi Dodoma mjini. Alikianzisha kwa kiinua mgongo chake na mkopo wa benki. Kabla yangu alikuwepo kaka mmoja aliyekuwa akiuza mashudu usiku na kuandika daftari la uongo. Mzee alikuja kugundua hasara ikiwa imeshakuwa kubwa, ndipo nikaajiriwa mimi. Msimu unaokuja utakuwa wa tatu kwangu.

Shida yangu ni kwamba lawama zote ni zangu lakini uamuzi hata mmoja si wangu. Funguo za stoo ya mafuta anazo mtoto wa dada yake Mzee. Kijana mwenyewe si mtu mbaya, ila ana duka lake la vifaa vya simu stendi, na akichelewa kuja wateja wanakaa wakisubiri mafuta yaliyo nyuma ya mlango. Manunuzi nayo, hata grisi, ni lazima nimpigie Mzee kwanza. Msimu uliopita kitambaa cha chujio kilichanika mchana. Kipya kilikuwa shilingi 40,000 katika duka lililo hapa hapa Kibaigwa. Mzee alikuwa msibani Bahi, simu haipatikani. Wakulima waliokuja na magunia yao kutoka Mlali na Pandambili wakalala nje, na asubuhi wengine wakahamia kwa jirani. Simu yake ilipopatikana, swali lake la kwanza likawa kwa nini nimepoteza wateja.

Hupiga simu tangu saa 12 asubuhi. Mmekamua magunia mangapi, nani yupo zamu, mbona sisikii mashine. Opereta wanayasikia hayo yote, na siku hizi wameanza kumpigia yeye moja kwa moja, ama kuomba ruhusa ama kunisema.

Kilichoniumiza zaidi ni hesabu ya Julai. Daftari langu la wiki lilionyesha lita 1,200, nilizopima kwa kijiti kwenye tangi mafuta yanapotoka mashineni. Stoo ilipohesabiwa yakakutwa madumu 57 ya lita 20, yaani lita 1,140. Zikakosekana lita 60. Sikuchukua hata tone. Mzee hakunigombeza, alinyamaza tu. Kisha kwenye mshahara wangu wa shilingi 450,000 zikakatwa 120,000 mwezi huo, na 120,000 mwezi uliofuata. Karatasi yoyote sikupewa.

Sasa nimepata kazi Singida, kiwanda cha alizeti pia. Wananipa umeneja kwa shilingi 600,000, na mwenye kiwanda ameniambia funguo zote nitashika mimi, yeye hataki kusumbuliwa. Wanataka jibu kabla alizeti mpya haijaanza kuingia. Nina mtoto wa darasa la pili hapa Kibaigwa, na mama yangu yuko Mpwapwa. Tena Mzee huyu huyu, mtoto alipolazwa, ndiye aliyelipa hospitali, na mshahara hajawahi kuuchelewesha.

Nifanye nini ili aniamini? Au nikubali kwamba hataniamini kamwe, niondoke? Nimechoka kuonekana mwizi.

Binti wa Kibaigwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kufanya kazi kwa bidii huku umetiliwa shaka kunachosha kuliko kubeba magunia, na barua yako inaonyesha umechoka kweli.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo matatu kwa pamoja. Unataka usafishwe jina kwa zile lita 60. Unataka mamlaka yanayolingana na lawama unazobebeshwa. Na unataka kujua kama Singida ni mlango au ni kukimbia tu. Naomba nianze na lita 60, kwa sababu naona mengine yote yameninginia hapo, na kwa sababu sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukaa nawe mkazipigia hesabu.

Mafuta yanayotoka kwenye mashine ya kukamulia huwa ya moto, mara nyingi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Mafuta ya mimea yakipoa husinyaa, takriban asilimia 0.07 ya ujazo kwa kila nyuzi moja. Yakishuka kutoka 60 hadi 25 ni kama asilimia 2.4. Kwenye lita zako 1,200 hiyo ni karibu lita 29, na hakuna aliyegusa dumu. Halafu uliyapima yakiwa ghafi, yakiwa na chembe za mbegu ndani, na stoo ikapokea yaliyochujwa. Mashapo yamebaki kwenye chujio yakiwa yamelowa mafuta, vitambaa vimenyonya, na chini ya tangi na ndani ya mabomba kumebaki mengine. Kuna na madumu yenyewe. Dumu tunaloliita la lita 20 likijazwa hadi shingoni hubeba zaidi ya lita 20. Nusu lita tu ya ziada katika kila dumu, kwa madumu 57, ni lita 28 na nusu zilizokwenda kwa wateja au zimekaa stoo bila kuhesabiwa.

Siwezi kukuapia kwamba lita zote 60 zilipotelea humo. Wewe pia huwezi, na Mzee hawezi kuapa kwamba ziliibwa, maana wewe ulipima ya moto kwa kijiti, stoo ikahesabu yaliyopoa kwa dumu, na katikati hapakuwa na mizani. Kwa mpango huo hata malaika angekutwa na upungufu kila wiki.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya mbele ya Mzee na yule kijana, tena halina gharama. Chukua debe la bati la lita 20, lijaze mafuta yanayotoka mashineni, lipime uzito, weka alama pale mafuta yalipofika, lifunike, liache hadi asubuhi. Asubuhi uzito utakuwa ule ule, lakini mafuta yatakuwa yameshuka chini ya alama karibu sentimita moja. Yamimine taratibu, na chini mtayakuta mashapo. Usitumie ndoo ya plastiki, maana nayo hutanuka kwa joto na itawachanganya.

Kuanzia hapo, hesabu zenu ziende kwa kilo. Mafuta ya alizeti yaliyopoa ni takriban kilo 0.92 kwa lita, kwa hiyo lita 20 ni kilo 18.4, ukiongeza uzito wa dumu tupu. Kila dumu lipite mizanini kabla ya kuingia stoo. Na kwa kila zamu pima vitu vitatu: mbegu iliyopepetwa inayoingia mashineni, mafuta yanayotoka, na mashudu. Nikikupa mfano tu, maana kila mashine na kila mbegu ina tabia yake, kilo 1,000 za mbegu zinaweza kutoa mafuta kilo 290 na mashudu kilo 660. Jumla ni 950. Hizo 50 zilizobaki ni unyevu uliotoka kama mvuke, pamoja na vumbi. Ukiandika hivyo kwa wiki chache utaujua upungufu wa kawaida wa kiwanda chenu, na siku ukipanda ghafla wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuuona. Mashudu usiyasahau hata siku moja. Msimamizi aliyekutangulia aliibia hapo, na hapo ndipo jicho la Mzee lilipo. Tena mashudu mazito, laini, yanayoacha mafuta ukiyaminya mkononi, yanakwambia mbegu imekuja mbichi au skrubu ya kukamulia ndani ya mashine imelika. Mafuta mnayoyatafuta stoo huenda yameondoka ndani ya magunia ya mashudu, mkiyauza kwa bei ya chakula cha mifugo.

Kuhusu makato, ujue haki yako ili ikukalie moyoni, hata kama hutaanza nayo mazungumzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyotokea kazini, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 450,000 ni 112,500, kwa hiyo hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa, 120,000 ilizidi. Muda wa kupeleka mgogoro wa aina hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 60, na umepita, ingawa mtu anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi. Kwenda huko ni haki yako na sitakuzuia. Nakuonyesha tu kwamba mlango huo ukishaufungua, mazungumzo mengine yote na Mzee yatabadilika sura.

Sasa nikuulize jambo, na usinielewe vibaya. Una hakika Mzee anakuona mwizi? Inawezekana. Lakini itazame siku yake akiwa Dodoma mjini. Akiba ya maisha yake iko Kibaigwa, benki inasubiri rejesho, na aliwahi kusoma daftari zuri lililoandikwa na mtu aliyekuwa akimwibia. Kwake yeye daftari si ushahidi tena. Simu ndiyo macho yake. Anapouliza mbona haisikii mashine, huenda hakuchungulii wewe, huenda anatafuta cha kumtuliza moyo. Hilo halihalalishi alichokifanya kwenye mshahara wako. Linabadilisha swali tu. Badala ya kujiuliza atajuaje kwamba mimi ni mwaminifu, jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kumthibitishia mwenzake, jiulize ni kitu gani akikiona kila siku hatahitaji kupiga simu.

La pili ni hayo mamlaka unayoyataka. Ukimwomba Mzee akuamini, umemwomba kitu kisicho na mipaka, na mtu aliyeumwa na nyoka hukataa visivyo na mipaka. Mwombe vipande vidogo, kila kimoja kina kikomo chake na ushahidi wake.

Naona kipande cha kwanza kiwe matumizi madogo. Pendekeza akukabidhi kiasi maalumu, tuseme shilingi 150,000, na kwamba bila kumpigia unaweza kununua kitu kisichozidi shilingi 50,000, kutoka kwenye orodha mliyokubaliana: kitambaa cha chujio, grisi, mkanda, fyuzi, nati na bolti. Wakati wowote akitokea mlangoni, taslimu iliyobaki ukijumlisha na risiti lazima ifike 150,000 kamili. Kila Jumatatu unampelekea risiti, anarudishia kilichotumika. Mpango huu huharibika kwa njia mbili. Fundi wa mtaani hana risiti, basi uwe na kitabu cha vocha, aandike jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, na asaini. Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi: kuazima humo, hata 3,000 ya chakula cha vibarua utakayoirudisha jioni. Usiguse. Fedha ya wateja nayo isichanganyike na hiyo kabisa. Kama haijawa hivyo tayari, omba malipo yote yaingie kwenye lipa namba ya kiwanda, Mzee aone kila muamala kwenye simu yake. Utakuwa umejiondolea mtihani ambao hukuuomba.

Kipande cha pili ni mamlaka ya kusimamisha mashine. Hili lina hatari ya kweli, na huenda ndiyo maana Mzee huogopa ukimya. Mashine ikizimwa ghafla ikiwa na mbegu ndani, mashudu hugandamana na kukauka humo. Anayeiwasha baadaye bila kuisafisha anaweza kuvunja shafti au kuunguza mota. Kwa hiyo andikeni ni lini unasimamisha bila kuuliza: beringi ikiwa ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii kuigusa, mota ikivuta umeme kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibao chake, harufu ya kuungua, mlio wa chuma kusaga chuma. Andikeni pia jinsi ya kusimamisha: funga mbegu, legeza tundu la kutolea mashudu, acha mashine izunguke hadi iwe tupu, ndipo uzime. Lakini ikiwa ni beringi inayoungua, harufu ya kuungua au chuma kinachosaga, usisubiri iwe tupu, zima papo hapo; na hapo, au umeme ukikatika wenyewe, hakuna kuwasha hadi ifunguliwe na kusafishwa. Weka ukurasa huo ukutani karibu na swichi. Opereta wakijua kwamba Mzee mwenyewe ameusaini, sababu moja ya kumpigia imeondoka.

Funguo ziache ziwe za mwisho. Najua ndizo zinazokuuma, lakini ukianza nazo unamwondoa mtoto wa dada yake kwenye nafasi aliyowekwa na mjomba wake, na ugomvi utageuka kuwa wa ukoo ambao wewe hutashinda. Tena funguo hubeba deni: aliyenazo ndiye wa kwanza kuulizwa. Unaweza kufika unakotaka kwa njia nyingine. Kila asubuhi kijana akukabidhi madumu ya kuuza siku hiyo, tuseme 10, mkiwa mmeyapima na kusaini wote wawili, yakae kwenye kabati au chumba chenye kufuli yako. Jioni unarudisha yaliyobaki, na idadi ya yaliyouzwa ilingane na miamala. Kijana anabaki na stoo kubwa na heshima yake, wateja hawasubiri duka la simu lifungwe, na wewe unajibika kwa madumu 10 uliyoyahesabu, si kwa stoo nzima uliyoikuta. Wengine huweka kufuli mbili kwenye mlango mmoja, kila mtu na ufunguo wake. Ni kinga nzuri dhidi ya wizi, ila mmoja akichelewa kazi yote inalala, na hiyo ndiyo shida uliyo nayo sasa hivi.

Zungumza na huyo kijana kabla ya kumwona Mzee. Huenda naye alilala vibaya usiku ule wa lita 60, maana stoo ilikuwa mkononi mwake.

Halafu kuna taarifa. Chagua saa moja, mfano saa 12 jioni, na kila siku bila kukosa mtumie Mzee ujumbe mfupi wenye mpangilio ule ule: mbegu iliyokuwepo asubuhi, iliyoingia, iliyokamuliwa, mafuta kwa kilo, mashudu kwa kilo, kilichouzwa, kilichobaki, na tatizo la siku kama lipo. Ambatisha picha ya ukurasa wa leja. Siku mbaya ndiyo muhimu kuliko zote. Mafuta yakipungua, andika yamepungua na sababu unayoidhani, kabla hajauliza. Mtu aliyewahi kudanganywa na daftari lisilo na dosari atakuamini haraka zaidi akiona dosari unazileta mwenyewe. Usitegemee simu zikome wiki ya kwanza, huenda zikaongezeka kwa sababu sasa ana mengi ya kuuliza. Mwombe mzungumze saa 2 asubuhi na baada ya taarifa ya jioni, na katikati iwe dharura tu.

Opereta wanaokuruka siwalaumu sana, wamefuata njia iliyokuwa wazi. Hilo wewe huwezi kulifunga peke yako. Ni Mzee anayepaswa kuwajibu "umemwambia msimamizi wako?" kila wanapopiga. Mwombe neno hilo hilo, kwa maneno hayo hayo.

Mambo haya hayasemwi kwa simu, wala mbele ya vibarua, wala malori ya mbegu yakiwa getini. Mwombe nafasi, panda basi uende kwake Dodoma kabla msimu haujafunguka. Nenda na karatasi moja. Ungeweza kumwambia hivi: "Mzee, nashukuru kwa uliyonifanyia mwanangu alipougua. Nimekuja kwa ajili ya kazi. Hesabu ya Julai iliniumiza, na nadhani nimeona sehemu ya sababu yake, naomba nikuonyeshe. Pia naomba wiki 6 za mwanzo wa msimu tujaribu mambo haya mawili. Ukiona hayakufai, tunarudi kama zamani." Mambo mawili, usimpelekee yote niliyoyaandika hapa. Kipindi kiwe kifupi na chenye mwisho, ili kukubali kwake kusiwe kuzito. Akikubali, yaandikwe na msaini. Wakati huo muulize pia kama mkataba wako una maelezo ya kazi, kwa sababu sheria niliyoitaja inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi. Bila hayo, kila lawama inaweza kuangukia kwako.

Je, akisema hapana? Au akikubali, halafu wiki ya pili akakusuta kwa sababu umenunua mkanda wa 30,000 mliokubaliana? Hilo linawezekana, na sitaki ulichukulie kama limeondoka kwa sababu umeandaa karatasi nzuri. Wapo wenye mali ambao hofu yao haiponi kwa hesabu, na hapo utakuwa umejifunza jambo kubwa bila kugombana na mtu. Unaweza pia kuamua kubaki kwa mshahara unaolipwa kwa wakati na mtoto aliyetulia shuleni, huku ukikubali kwamba uamuzi utabaki mjini. Wengi huishi hivyo, na si unyonge. Hatari yake ni kwamba miaka inapita bila wewe kujifunza kuamua, na siku ukitafuta umeneja kwingine utaulizwa umewahi kuamua nini.

Singida sasa. Ongezeko la 150,000 ni kweli, lakini toa kodi ya nyumba, uhamisho wa mtoto na nauli za kumwona mama Mpwapwa, ndipo ulipime. Linalonifanya nisite kidogo ni ile kauli ya "sitaki kusumbuliwa". Umetoka kwa mtu anayetaka kujua kila kitu, kwa hiyo inasikika kama maji ya baridi. Lakini mwenye mali asiyetaka kujua chochote wiki hii anaweza kutaka kujua kila kitu siku ya upungufu, na siku hiyo hakutakuwa na taarifa, ukomo wala sahihi vya kukulinda. Muulize kwa upole: kwa nini nafasi iko wazi? Upungufu ukitokea nani anabeba, na unapimwaje? Je, kabla ya kushika funguo tutahesabu stoo pamoja, tupime na kusaini? Ukikabidhiwa stoo bila kuhesabu, umepokea na madeni ya aliyekutangulia. Akijibu vizuri, huenda ndiyo nafasi unayostahili. Akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Na ukiamua kwenda, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Hesabu siku hizo zisiangukie katikati ya mavuno, omba cheti chako cha utumishi, na ukabidhi stoo ya mbegu kwa kupima na kusaini, hata kama hakuna aliyekuomba.

Usiwajibu Singida kwa "ndiyo" wala "hapana" kabla hujamwona Mzee. Waombe wiki mbili. Katika wiki hizo yafanye mambo mawili yaliyo mikononi mwako bila ruhusa ya mtu: piga picha kurasa zote za daftari la msimu uliopita uzihifadhi mahali salama, na anza ile taarifa ya saa 12 jioni hata kama ni kipindi cha uhaba wa mbegu na kiwanda kinakamua magunia manne tu kwa siku. Kisha tuandikie ulivyomkuta Mzee.